Makabati ya Maabara Yasiyotumia Funguo: Yanavyofanya Kazi na Yanachohitaji Kutoka Shuleni

Kila mwaka, majuma machache kabla ya Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne, walimu wa sayansi katika shule za sekondari hufungua makabati ya maabara na kuanza kuhesabu. Huhesabu bureti na pipeti, mizani na hadubini, saa za kupimia muda, voltimita na amita, kwa kuwa mtihani wa vitendo haufanyiki bila vifaa. Hesabu hiyo ikionesha upungufu, wakati wa kutafuta kilichopotea huwa umekwishapita. Kifaa kilichotoweka mwezi Machi hugundulika mwezi Oktoba, na hapo hapatikani mtu wa kueleza kwa uhakika kama kilivunjika, kiliazimwa au kiliibwa.

Katika miaka ya karibuni kumeenea teknolojia inayokusudiwa kuziba pengo hilo: makabati yanayofunguliwa kwa namba ya siri, kadi au alama ya kidole badala ya ufunguo wa chuma, pamoja na mifumo ya kielektroniki ya kufuatilia kila kifaa kilipo. Baadhi ya bodi za shule huletewa vifaa hivyo na wauzaji, nyingine huahidiwa na wafadhili au wahitimu wa zamani. Makala hii inaeleza jinsi vifaa hivyo vinavyofanya kazi, mahali vinapofaa, mahali visipofaa, na mambo ambayo wazazi na wakazi wa kata wanapaswa kuyauliza kabla fedha haijatoka.

Maabara ni mali ya wananchi

Shule nyingi za sekondari za kata zilianzishwa wakati wa utekelezaji wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004. Nyingi zilifunguliwa zikiwa na madarasa na ofisi, lakini bila maabara. Mwishoni mwa mwaka 2012, Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, yaani za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Muda wa utekelezaji ulisogezwa hadi Juni 2015. Katika kata nyingi nchini wananchi walichangia fedha, wengine wakatoa mchanga, mawe, matofali na nguvu kazi.

Historia hiyo ina uzito katika mjadala huu. Mkazi aliyebeba mawe ya msingi wa maabara ana haki ya kujua kama vilivyomo ndani bado vipo na kama vinatumika. Hadubini iliyoibwa na hadubini iliyofungiwa ndani ya boksi tangu siku ilipoletwa zina matokeo yaleyale kwa mwanafunzi: zote mbili hajawahi kuzitumia. Utaratibu wowote wa kutunza vifaa hauna budi kupimwa kwa maswali mawili kwa pamoja: je, vifaa viko salama? Na je, vinamfikia mwanafunzi?

Udhaifu wa ufunguo mmoja

Katika shule nyingi ufunguo wa kabati la maabara hukaa kwa mwalimu mmoja, na wa akiba hukaa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Utaratibu huu ni rahisi na hauhitaji umeme, lakini una kasoro nne.

Kwanza, ufunguo hauweki kumbukumbu. Kabati likifunguliwa mara tatu kwa siku au mara moja kwa mwezi, kitasa hakibaki na alama ya nani alifungua na saa ngapi.

Pili, ufunguo huchongwa. Fundi wa mtaani huweza kutoa nakala kwa dakika chache, na mwenye kabati asijue.

Tatu, ufunguo huondoka na mtu. Mwalimu akiugua, akiwa semina au akiwa likizo, kipindi cha vitendo huahirishwa. Akipata uhamisho, shule hupokea ufunguo mkononi mwake, lakini haina njia ya kujua kama kuna nakala nyingine popote.

Nne, na hili ndilo lenye madhara makubwa kwa watumishi wenyewe, kifaa kinapopotea lawama humwangukia mwenye ufunguo, hata kama hakuhusika. Hofu hiyo huwafanya baadhi ya walimu wachague njia salama kwao: kutofungua kabati kabisa. Vifaa hubaki vipya, na wanafunzi husoma majaribio kwa kuchorewa ubaoni.

Kitasa cha kielektroniki hufanyaje kazi?

Kitasa cha kielektroniki kina sehemu nne kuu. Sehemu ya kwanza ni ya kusomea, ambayo hutambua namba, kadi au kidole. Ya pili ni saketi ndogo yenye kumbukumbu, ambayo hulinganisha kilichosomwa na orodha ya walioruhusiwa. Ya tatu ni mota ndogo au sumaku ya umeme inayovuta komeo. Ya nne ni chanzo cha nishati, mara nyingi betri ndogo kama zinazotumika kwenye tochi au redio.

Njia za kumtambua mtumiaji ni tatu, na kila moja ina faida na hasara zake.

Namba ya siri ndiyo njia nafuu zaidi. Namba ya tarakimu nne ina mipangilio 10,000 inayowezekana, hivyo si rahisi kubahatisha. Hata hivyo, namba inayotumiwa na walimu wote haina tofauti na ufunguo uliochongwa nakala nyingi. Aidha, vitufe vinavyobonyezwa kila siku huchakaa na kung'aa kuliko vingine, na mtu mwenye macho makali huweza kukisia tarakimu zilizotumika. Ili namba iwe na maana, kila mtumiaji apewe yake, na kitasa kiwe na uwezo wa kuzitofautisha.

Kadi ni rahisi kutumia na rahisi kufuta. Mwalimu akihama, kadi yake huondolewa kwenye orodha, na kuanzia hapo haifungui tena hata kama ameondoka nayo. Hii ndiyo faida kubwa kuliko ufunguo wa chuma. Tahadhari ni kwamba kadi za aina ya zamani, zinazotumia mawimbi ya kilohezi 125, hunakiliwa kwa urahisi kwa vifaa vinavyouzwa bei nafuu. Shule inayonunua kadi iulize kama zina ulinzi dhidi ya kunakiliwa.

Alama ya kidole haiazimiki wala haisahauliki nyumbani. Hata hivyo, vidole vyenye vumbi la chaki, jasho, mikwaruzo ya jembe au mabaki ya kemikali husomeka kwa shida. Zaidi ya hayo, alama ya kidole ni taarifa binafsi nyeti, jambo linaloelezwa zaidi hapa chini.

Kinachotenganisha kitasa bora na kile cha kawaida ni kumbukumbu za ufunguaji. Kitasa bora huandika kila mara kinapofunguliwa: nani, tarehe gani na saa ngapi. Bila uwezo huo, shule itakuwa imenunua ufunguo wa bei kubwa.

Hapa kuna jambo dogo linaloweza kuleta dhuluma kubwa. Vitasa hivi huandika saa kwa mtindo wa kimataifa, ambapo saa 2:00 asubuhi huandikwa 08:00 na saa 2:00 usiku huandikwa 20:00. Mtu anayekiandaa kitasa akikosea kuweka saa, au akiiweka kwa hesabu ya Kiswahili, kumbukumbu zote zitakuwa na makosa, na mwalimu aliyefungua kabati mchana kwa ajili ya kipindi ataonekana alilifungua usiku au alfajiri. Saa ya kitasa ihakikiwe siku kinapofungwa, na ihakikiwe tena kila betri zinapobadilishwa.

Umeme ukikatika

Swali la kwanza ambalo wakazi huuliza ni kuhusu umeme. Jibu linategemea aina ya kitasa. Vitasa vingi vya makabati hutumia betri, hivyo kukatika kwa umeme wa gridi hakuviathiri moja kwa moja. Tatizo huja betri zinapokwisha. Vitasa vilivyotengenezwa vizuri hutoa mlio au mwanga wa tahadhari mapema, na vingi huwa na njia ya dharura: ama ufunguo wa akiba, ama ncha mbili za chuma kwa nje ambapo mtu hugusisha betri ya volti 9 ili kukipa nguvu ya kusoma namba au kadi. Shule isikubali kitasa kisicho na mojawapo ya njia hizo. Ufunguo wa dharura ukiwepo, utiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, na uhifadhiwe ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Kwa vitasa vinavyotegemea umeme wa moja kwa moja, kuna aina mbili. Aina moja hubaki imefungwa umeme ukikatika. Nyingine hufunguka yenyewe. Kwa kabati la vifaa, aina ya kwanza ndiyo inayofaa. Kwa mlango wa chumba chenye watu, kanuni ni tofauti kabisa: mlango lazima ufunguke kwa ndani wakati wote, kwa mkono, bila namba, kadi wala umeme. Ukitokea moto au mvuke wenye sumu katika maabara yenye wanafunzi 40, hakuna muda wa kutafuta kadi.

Kujua kila kifaa kilipo

Kitasa hueleza nani alifungua kabati. Hakielezi alichukua nini. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa kufuatilia vifaa, na msingi wake ni kukipa kila kifaa namba yake.

Njia inayotumika zaidi ni lebo yenye msimbo wa QR, ule mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe unaoonekana siku hizi hata kwenye maduka yanayopokea malipo kwa simu. Msimbo huo ulibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, kazi inayofanana sana na kufuatilia vifaa vya maabara. Ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha usahihishaji wa makosa, husomeka hata takriban asilimia 30 ya alama zake zikiwa zimeharibika. Lebo huchapishwa kwa gharama ndogo, na simu janja ya kawaida hutosha kuisoma.

Njia nyingine ni lebo zinazosomwa kwa mawimbi ya redio. Ndani yake mna chipu ndogo isiyo na betri, ambayo hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya kifaa kinachoisoma. Faida yake ni kwamba vitu vingi husomwa kwa mara moja bila kuonekana. Hata hivyo, zile zinazosomwa kwa umbali wa mita kadhaa husumbuliwa na metali na vimiminika, na maabara imejaa stendi za chuma na chupa za maji na kemikali. Vilevile zinahitaji kifaa maalumu cha kusomea. Kwa shule nyingi za kata, lebo ya kuchapishwa inatosha.

Si kila kitu kinahitaji lebo yake. Chukulia darasa la Kidato cha Tatu lenye wanafunzi 48 waliogawanywa katika makundi 12 kwa jaribio la asidi na besi. Kila kundi likihitaji bureti moja, pipeti moja, stendi moja, chupa za koni tatu na bika mbili, jumla ni vifaa 96. Mwalimu akilazimika kusoma lebo 96 wakati wa kutoa na nyingine 96 wakati wa kurudisha, kipindi kitaisha kabla jaribio halijaanza, na baada ya wiki mbili atauacha mfumo huo. Ufumbuzi ni kupanga vifaa kwenye masinia 12, kila sinia likiwa na lebo moja na orodha ya vilivyomo. Mwalimu husoma lebo 12 tu, na viongozi wa makundi hukagua orodha mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Lebo za kifaa kimojakimoja zibaki kwa vitu vya thamani na vya kudumu, kama hadubini, mizani, voltimita, amita na kompyuta.

Kwa vifaa hivyo vya kudumu, lebo ya karatasi pekee haitoshi, kwa kuwa hubanduka. Namba ya shule ichongwe au iandikwe kwa rangi isiyofutika sehemu inayoonekana. Kifaa chenye jina la shule lililochongwa ni kigumu kuuzwa.

Ni vyema pia ieleweke kwamba lebo haipigi kelele kifaa kinapotoka mlangoni. Mfumo hujua kile tu ulichoambiwa. Pasipo mtu wa kusoma lebo wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, kompyuta itaendelea kuonesha kwamba hadubini iko kabatini hata kama imeondoka miezi sita iliyopita.

Kemikali zina utaratibu wake

Bureti hubaki bureti hadi ivunjike. Kemikali hupungua kila inapotumika, hivyo kuhesabu chupa hakutoshi. Chupa ya asidi inaweza kuwepo rafuni ikiwa imebaki robo. Njia iliyo rahisi ni kupima uzito wa chupa pamoja na kifuniko chake kabla na baada ya matumizi, na kuandika tofauti. Kazi hii hufanyika kwa mizani iliyopo na daftari, hata bila mfumo wa kielektroniki.

Kabati la kemikali linahitaji pia uangalifu katika uchaguzi wa kitasa. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea hutoa mvuke unaokula metali, na saketi ya kitasa ikikaa ndani ya kabati hilo haitadumu. Kemikali zinazowaka kwa urahisi, kama ethanoli, hazipaswi kuwekwa karibu na kifaa cha umeme kinachoweza kutoa cheche. Kwa makabati ya aina hizo, kitasa cha kawaida cha ufunguo, chenye daftari la kusaini, kinaweza kuwa chaguo bora kuliko cha kielektroniki.

Teknolojia yoyote haiondoi kanuni za msingi za uhifadhi: asidi zitengwe na besi, vinavyowaka vitengwe na vinavyochochea moto, chupa nzito za vimiminika vikali ziwekwe rafu za chini, na chumba kipitishe hewa. Masuala ya kemikali nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003. Kemikali zilizokwisha muda wake zisimwagwe shimoni wala mtoni. Shule iombe maelekezo kwa mamlaka husika.

Kilichovunjika kiandikwe bila hofu

Vifaa vya kioo huvunjika. Mwanafunzi anayejifunza kutumia pipeti kwa mara ya kwanza ataivunja siku moja, na hilo ni sehemu ya gharama ya elimu. Mahali ambapo kila kinachovunjika huleta adhabu au faini, wanafunzi huficha vipande, na mwalimu naye huona ni afadhali asiandike. Hapo mfumo wa kielektroniki utaanza kusema uongo kwa tarakimu safi.

Kwa sababu hiyo, mfumo wowote uwe na mahali pa kuandika "kimevunjika", tarehe na sababu, na Mkuu wa Shule atofautishe waziwazi ajali ya kawaida na uzembe wa makusudi. Kumbukumbu za kuvunjika zina faida ya ziada: huisaidia shule kupanga bajeti. Shule inayojua kwamba hupoteza idadi fulani ya bika kwa mwaka huweza kuziombea fedha mapema, badala ya kukimbizana na wazabuni wakati wa mtihani.

Taarifa za watu zilindwe

Kumbukumbu za nani alifungua kabati ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo utekelezaji wake ulianza Mei 2023, huzihesabu taarifa za kibaiometria, zikiwemo alama za vidole, pamoja na taarifa zinazohusu watoto, kuwa taarifa nyeti. Usimamizi wa sheria hiyo uko chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa shule, maana yake ni nyepesi: kadi au namba hutosha, na hakuna sababu ya kukusanya alama za vidole vya wanafunzi kwa ajili ya kabati la bika. Aidha, ieleweke mapema nani anaruhusiwa kusoma kumbukumbu hizo na kwa madhumuni gani. Zikitumika kumvizia mwalimu, walimu watarudi kwenye mazoea ya kutofungua kabati. Zikitumika vizuri, humlinda asiyehusika, kwa kuwa huonesha wazi kwamba siku kifaa kilipotoweka hakuwepo.

Mpangilio wa hatua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kitasa cha kisasa kwenye kabati lisilo na orodha hulinda kitu kisichojulikana. Shule inayotaka kuboresha utunzaji wa vifaa vya maabara inashauriwa kufuata mpangilio ufuatao:

1. Kufanya hesabu kamili ya vifaa vyote, mbele ya mwalimu wa somo, fundi sanifu wa maabara pale alipo, na mjumbe wa Bodi ya Shule. Hesabu ioanishwe na leja na hati za mapokezi.

2. Kuimarisha jengo. Mlango wenye bawaba dhaifu, dirisha lisilo na nondo au dari iliyo wazi hushinda kitasa chochote.

3. Kuweka namba na alama ya kudumu kwenye vifaa vya thamani, na kupanga vifaa vidogo kwenye masinia yenye orodha.

4. Kuanza kuandika utoaji na urudishaji. Muhula mmoja wa daftari la kawaida utaonesha kama nidhamu ipo. Jedwali kwenye kompyuta ya shule linaweza kufuata.

5. Kuhesabu kila mwezi vifaa vya thamani, na kuhesabu vyote mwishoni mwa kila muhula na mwisho wa mwaka wa fedha, tarehe 30 Juni.

6. Baada ya hapo ndipo kufikiria vitasa vya kielektroniki, kwa kuanza na kabati moja lenye vifaa vya thamani zaidi.

Hatua tano za kwanza hazihitaji fedha nyingi, na ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya faida. Hatua ya sita huongeza kasi na uhakika pale ambapo tano za kwanza zimekwisha kushika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua au kupokea

Ununuzi wa shule za umma hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST. Hata kifaa kinapotolewa bure, hakikosi gharama za matunzo. Wajumbe wa bodi, wazazi na wakazi wanashauriwa kupata majibu ya maswali haya:

- Namba kuu inayoweza kufungua kila kitu itakuwa kwa nani? Namba iliyowekwa kiwandani itabadilishwa siku ya kwanza?

- Je, kuna ada ya programu ya kila mwaka? Ada isipolipwa, makabati yataendelea kufunguka na kumbukumbu zitaendelea kusomeka?

- Mfumo hufanya kazi pasipo intaneti?

- Betri zake hupatikana katika maduka ya hapa, na hudumu muda gani kwa matumizi ya kila siku?

- Kitasa kikiharibika, kuna fundi anayeweza kufika, na kabati hufunguliwaje wakati huo?

- Kumbukumbu zinaweza kuchapishwa kwa ajili ya Bodi ya Shule na wakaguzi?

- Mwalimu akihama, nani atafuta kadi yake, na ndani ya siku ngapi?

Muuzaji asiye na majibu ya wazi kwa maswali hayo hastahili kupewa fedha za umma.

Nafasi ya mkazi

Bodi ya Shule ndiyo chombo cha kwanza cha wananchi katika usimamizi wa shule. Mzazi ana nafasi ya kuomba, katika kikao cha wazazi, kusomewa idadi ya vifaa vikuu vya maabara: vilivyokuwepo mwanzoni mwa mwaka, vilivyoongezeka, vilivyovunjika na vilivyopo sasa. Anaweza pia kuuliza ni vipindi vingapi vya vitendo vilivyofanyika katika muhula uliopita. Maswali hayo mawili yakiulizwa mara kwa mara, kwa heshima na bila kumtuhumu mtu, hufanya kazi kubwa kuliko kitasa chochote, kwa sababu shule inayojua itaulizwa huandaa majibu.

Mwananchi mwenye taarifa ya kifaa cha shule kinachouzwa au kutumika mahali pasipostahili anaombwa kuiwasilisha kwa Mkuu wa Shule, Afisa Elimu Kata au Ofisi ya Mtendaji wa Kata. Maoni na mapendekezo kuhusu utunzaji wa vifaa vya maabara yanaweza kupelekwa kupitia ofisi hizohizo, au kujadiliwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ili yafike kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri.